Gari Linalonguruma kwa Mazoea

Jina alilopewa na wazazi wake fundi huyu alilipoteza siku aliyopaka rangi ukuta wa gereji yake. Aliandika kwa herufi nyekundu, kubwa za kusomwa hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani: HATUBAHATISHI, TUNAPIMA. Chini ya maneno akachora geji, kile kipimo cha mshale, akiwa amefumba jicho moja kama wachoraji wa kweli wanavyofanya. Kikatoka kitu mfano wa saa ya ukutani iliyolewa, na kwa mwezi mzima watu walimletea saa mbovu. Lakini maneno yalieleweka. Mtaa ukamwita Kipimo. Mkewe naye akamwita Kipimo, ila siku za kukasirika tu, kwa hiyo alilisikia mara nyingi.

Ukuta ule, tuseme ukweli, haukuandikwa kwa ajili ya wateja. Ulielekezwa makusudi upande wa jirani, kwenye gereji ya fundi aliyeitwa Badilisha. Badilisha alikuwa na falsafa isiyohitaji shule. Gari likikohoa, badilisha plagi. Likiendelea kukohoa, badilisha koili. Likikataa bado, badilisha pampu, waya, na ikibidi badilisha dereva. Kipimo alimwona kama mganga anayekata mguu ili kutibu kikucha. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba magari ya Badilisha yalitoka pale yakitembea.

Kipimo yeye alikuwa na sanduku. Lilikuwa la plastiki nyeusi, na ndani, kwenye sponji nyekundu, ililala geji ya kupimia presha ya mafuta pamoja na adapta zake, yaani vile viungio vya shaba vya kuunganisha geji na bomba la gari. Zilipangwa kwa ukubwa, zinang'aa kama meno ya dhahabu ya tajiri mwenye kinywa kikubwa. Alilifungua sanduku mbele ya wateja polepole, kwa vidole viwili. Mara nyingine alilifungua akiwa peke yake. Hilo tusilichunguze.

Basi siku moja, mwanzoni mwa wiki, mama mkwe akaingia gereji na gari la marehemu mumewe.

Mama huyu alikuwa nesi mstaafu. Alikuwa ametumikia zahanati miaka mingi kiasi kwamba nusu ya watu wazima wa mji wake aliwaona wakiwa uchi kabla hawajajua kuona haya. Hakuwa mkali. Alikuwa na kitu kibaya kuliko ukali: subira. Na gari lenyewe lilikuwa la zamani, la umri wa kuamkiwa, rangi yake ya maziwa imekuwa rangi ya chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Nimekuletea mgonjwa. Kwenye tambarare anakwenda vizuri tu. Akiona kilima anatetemeka, anapiga chafya, pumzi inamwishia. Nimemchoka. Nimeshaongea na mnunuzi wa chuma chakavu, Jumamosi atakuja kulivuta. Atalichukua hapahapa kwako."

"Chakavu, mama? Gari la baba?"

"Baba yenu kalala. Gari nalo likalale. Nisingepita hapa, ni mwanangu aliyelia kwenye simu."

Mwana huyo ndiye mke wa Kipimo, msusi mwenye mikono myepesi na ulimi wa kasi ileile. Ndani ya gari lile ndimo alimojifunza udereva, amekalia mto ili aone nje, baba yake pembeni akishikilia breki ya mkono kama mtu anayeshikilia roho yake. Jioni ile, wakiwa chumbani, alimwambia mumewe kwa sauti ya chini ili mama asisikie sebuleni.

"Sikiliza. Baba hakuniachia picha za maana. Zote kafumba macho. Ameniachia lile gari. Ukishindwa kulitengeneza, niambie umeshindwa, nitalia, yataisha. Lakini usinipe hotuba ya geji."

"Mke wangu, mimi nishindwe? Nitapima presha ya mafuta na kesho utajua ugonjwa."

"Nimesema usinipe hotuba," mke akasema, akazima taa.

Kesho yake Kipimo akafungua boneti, akafungua sanduku, akakuta dunia ina visa. Magari ya siku hizi yana mdomo maalumu wa kupachika geji. Gari la marehemu halikuwa na mdomo. Bomba lake la mafuta lilifungwa kwenye filta kwa bolti moja nene yenye tundu ndani, mafuta yanapita tumboni mwa bolti yenyewe. Ili kupima, unahitaji bolti kama ile, lakini yenye njia ya pili kichwani, ya kwenda kwenye geji. Adapta hiyo kwenye sanduku haikuwamo. Alijaribu zote. Alijaribu kubwa, akajaribu ndogo, akajaribu kwa mate, akajaribu kwa dua. Mwishowe akaanza kuzijaribu upya, kama mtu aliyepoteza funguo anayetazama mfuko uleule akitumaini mfuko umejirekebisha tabia.

Badilisha alikuwa ameegemea ukuta wa mpaka, anatafuna karanga.

"Jirani, hiyo ni pampu. Badilisha. Ninayo moja, imetoka kwenye gari la aina hiyohiyo, nzima kabisa."

"Hatubahatishi."

"Najua, nimesoma. Huwa naisoma kila asubuhi nikipiga mswaki."

"Basi endelea kusoma, itakuingia."

"Na hiyo geji yako nayo iingie kwanza," Badilisha akasema, akatema ganda.

Hapo ndipo safari ya adapta ilipoanza. Kipimo alizunguka maduka yote ya vipuri, ameishika ile bolti mkononi kama mtu anayetafuta mwenye kiatu. Kwenye duka la kwanza dada muuzaji aliigeuza bolti, akaitazama, akamtazama na mwenyewe.

"Ya gari gani?"

Kipimo akataja.

"Mwaka?"

Kipimo akataja. Dada akageukia nyuma ya duka akapaza sauti: "Jamani, njooni mumwone huyu!" Kisha akamrudishia bolti yake kwa heshima zote. "Kaka, hicho si kipuri. Hicho ni urithi. Kaulize kwa wajukuu."

Duka la pili walimpa adapta wakaapa kwa mama zao kwamba itaingia. Iliingia nusu mzunguko, ikagoma kama punda aliyeona daraja. Duka la tatu walimpa nyingine, hiyo ikaingia mpaka mwisho bila hata kuzungushwa, ikatoka vilevile. Kwenye yadi ya magari yaliyokufa alichimba kwenye rundo la vyuma hadi akapata bolti ya akiba ya aina ileile, akarudi amechafuka usoni lakini ana moyo mpya. Akawaza: bomba la mpira na vibano viwili vinatosha. Mafundi wa zamani waliishi bila adapta.

Akachomeka mpira, akakaza vibano, akawasha. Mpira ukachomoka ukasimama wima kama nyoka aliyekanyagwa, ukammwagia petroli kuanzia utosini. Alizima gari kwa kupapasa. Upande wa pili wa ukuta karanga ziliacha kutafunwa.

"Jirani," Badilisha akauliza kwa upole wa kuua, "imesoma ngapi?"

Nyumbani, nyuma ya gereji, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kipimo, kiti ambacho hakuna aliyemwambia kuwa ni cha Kipimo, na hakuna ambaye angethubutu. Alinusa kabla ya kuona.

"Mkwe, karibu. Kaa hapo mlangoni."

Kipimo akakaa mlangoni.

"Nje ya mlango, baba. Jikoni kuna moto."

Akala chakula chake barazani, sahani mapajani, akijitafakari. Alikuwa mtu mzima mwenye gereji, mke na maandishi ukutani, naye amewekwa nje kama viatu vyenye tope. Alijicheka, ila kidogo, maana akicheka sana petroli ilimchoma macho.

Alhamisi akaenda kwa fundi wa kukereza vyuma, mtu wa maneno mengi kuliko vyuma vyenyewe. Kazi ilikuwa ndogo: toboa kichwa cha ile bolti ya akiba mpaka ukutane na tundu la tumboni, kisha chomelea juu yake kibomba kifupi cha shaba, pale ndipo geji ishikie. Fundi akatoboa vizuri kabisa. Halafu akawasha moto wa kuchomelea, na hapohapo wakaanza kubishana kuhusu mpira wa miguu, kama golikipa anastahili lawama akifungwa kwa penalti. Fundi alisema anastahili. Kipimo alisema hapana, hakuna kipimo cha kumhukumu. Fundi akapandisha sauti, akapandisha na moto. Shaba ikayeyuka, ikaona pana njia ya kuteremka, ikateremka. Hakuna aliyeitazama. Golikipa alikuwa hatarini.

Adapta ilipopoa, Kipimo aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Aliisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa kupita ndugu zake wa sandukuni. Aliipuliza vumbi, kwa nje, pande zote, kama mtu anavyopuliza picha ya harusi yake. Kuipuliza kwa ndani hakukumjia akilini. Mtu hakagui ndani ya kitu kizuri namna ile.

Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi, akaita watu. Kosa lake la kwanza lilikuwa hilo. Kama angepima peke yake, hadithi hii ingekuwa fupi na ya siri. Lakini alimwita mama mkwe, akamtolea kiti. Akamwita mkewe, akaja na chanuo kichwani, ameacha mteja nusu kichwa. Badilisha hakuitwa, alikuwepo. Kipimo akafungua sanduku kwa vidole viwili. Akafunga adapta, akapachika geji, akaining'iniza kwenye boneti mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Mama," akasema, "hii ndiyo tofauti ya fundi na mbahatishaji. Mshale huu ukisimama hapa katikati, pampu ni nzima. Ukisimama chini, pampu ni mgonjwa. Kipimo hakidanganyi. Washa!"

Mke akawasha. Gari likanguruma, si kwa uzuri, lakini likanguruma. Wote wakainama kutazama mshale.

Mshale haukutikisika. Sifuri.

Kipimo aligonga kioo cha geji kwa kucha. Sifuri. Akanyooka, akafuta mikono kwa kitambaa, na uso wake ukachukua huzuni ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

"Pampu imekufa," akatangaza. "Haitoi presha hata chembe."

Mama mkwe aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza muziki wa mbali. "Lakini mkwe," akasema, "mbona linanguruma?"

Gari nalo likaendelea kunguruma.

Na hapa, ndugu msomaji, mtu mwenye akili angesema, "Ngoja niangalie." Mafuta hayafiki kwenye injini kwa nia njema. Bila presha gari la aina ile haliwaki hata kwa kuombewa. Kipimo alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwake. Lakini Badilisha alikuwa anatabasamu, mama mkwe alikuwa anasubiri, na maandishi mekundu yalikuwa yamesimama nyuma yake kama hakimu. Kinywa chake kikafunguka kabla yeye hajakipa ruhusa.

"Mama," akasema, "magari ya zamani ni hivyo. Linanguruma kwa mazoea."

Mkewe alifumba macho, akafanana na baba yake kwenye picha zote. Badilisha akageuka akaelekea kwake haraka, mabega yanamtikisika.

"Haya, mkwe," mama akasema. "Wewe ndiye fundi."

Kuna *haya* za aina nyingi. Ile ilikuwa ya kumfunika maiti shuka.

Sasa pampu ikishatangazwa kufa lazima izikwe. Pampu mpya ya gari lile haikupatikana popote, na Jumamosi ilikuwa kesho. Ilibaki moja tu mtaani, na Kipimo akaenda kuiomba akiwa amebeba uso wake mkononi kama mzigo, na mzigo ulikuwa mzito.

"Jirani. Ile pampu."

"Ipi, jirani?"

"Usinifanye niseme."

"Mimi nimezeeka, sisikii vizuri. Unataka kufanya nini na pampu?"

"Kuiweka."

"Mahali pa nini?"

"Pa ile iliyokufa."

"Yaani unataka ku…?"

Kipimo alitazama juu, akatazama chini. Neno lenyewe hakulisema. Badilisha akamhurumia, akampa pampu ikiwa imefungwa kwenye gazeti. "Chukua. Ukimaliza unirudishie pampu, au unipe huo ukuta wako wa maandishi."

Alishusha tangi akilaani kimoyomoyo, akatoa pampu ya zamani, akaweka ya Badilisha. Jua lilikuwa limeanza kulegea alipopandisha tangi na kuwasha. Gari likanguruma vilevile. Mshale ukasimama palepale.

"Hii nayo imekufa!" Kipimo akapiga kelele.

"Imekufa nani?" Badilisha akaruka ukuta mzima mzima, karanga zikamwagika. "Hiyo juzi nimeitoa kwenye gari lililokuja hapa kwa miguu yake! Usinitukanie pampu!"

Ndipo mama mkwe alipotoka ndani na kikombe chake cha chai. Alisimama kando ya injini, akanywa funda moja, akatazama mshale.

"Zamani, zahanati," akasema, hakuna aliyemuuliza, "alikuja nesi mgeni. Mtoto mzuri, ana bidii. Siku moja akanijia mbio, jasho linamtoka. 'Dada, yule mzee wa kitanda cha dirishani hana presha kabisa. Sifuri!' Nikamuuliza, anafanya nini sasa hivi? Akasema, 'Analalamika chai haina sukari.'"

Akanywa funda lingine.

"Mkafanyaje, mama?" Badilisha akauliza, maana Kipimo alikuwa ameacha kupumua.

"Mzee tukamwongezea sukari. Mashine tukaipeleka kwa fundi."

Akarudi ndani. 

Kipimo alizima gari. Alifungua adapta, akaiinua kuelekea jua. Upande wa juu aliona shaba. Upande wa chini aliona shaba. Akaiweka mdomoni akapuliza. Mashavu yakatuna kama ya chura wa masika, masikio yakaziba, pumzi isitoke hata kidogo. Ile shaba iliyoyeyuka kwa ajili ya golikipa ilikuwa imeziba njia ya geji, nzuri, imara, kazi ya kudumu. Mafuta yalikuwa yanapita vizuri kwenda injini muda wote. Geji tu ndiyo iliyokuwa haina habari, na aliyeiamini.

Akaingia chini ya gari, akalala chali. Mkewe alipokuja aliona miguu inatikisika.

"Unalia?"

"Hapana."

"Unacheka?"

"Sijaamua."

Akainama, akamwona mumewe machozi yanamtoka pembeni ya macho yakiingia masikioni. Kwa jinsi alivyoeleza mwenyewe baadaye, alikuwa anafikiria namna ya kuficha. Angeweza kutoboa adapta kimyakimya akasema pampu ya pili "imeamka". Mtaa ungeamini, mtaa huamini mengi. Lakini gari lilikuwa halijapona. Kilima kingemsema. Na asubuhi mtu wa chakavu angekuja na kamba.

"Mke wangu," akasema kutoka uvunguni, "pampu ni nzima. Zote mbili. Nilichokuwa nakipima tangu asubuhi ni adapta iliyoziba."

"Na ile ya mazoea?"

"Ile niliitunga."

Mkewe alikaa chini kwenye mafuta na vumbi, na gauni lake, akacheka mpaka chanuo likamdondoka. Kisha akaacha kucheka. "Kesho wanalichukua," akasema.

"Nipe hadi kesho."

Keke yake, ile ya kutobolea vyuma, ilikuwa imevunjika ncha tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo aliikimbilia ya jirani, na hakuna mtu anayeazima keke usiku unaingia bila kueleza anatoboa nini. Badilisha alisikiliza maelezo yote akiwa wima. Yalipofika kwenye golikipa akatafuta tairi akalikalia. Yalipofika mwisho aliinuka, akachukua keke, akavaa kandambili zake akamfuata. "Siwezi kukosa hii," akasema.

Asubuhi na mapema adapta ilikuwa imetobolewa na kupulizwa na watu wawili kwa zamu. Kipimo alirudisha pampu ya marehemu mahali pake, akawasha. Mshale ukaruka, ukasimama katikati barabara, hautetereki. Akamwambia mkewe akanyage mafuta. Mshale palepale. Kanyaga tena. Palepale.

Akautazama mshale ule mzuri na moyo ukamshuka. Alikuwa amezunguka maduka yote, ameoga petroli, amekula barazani, ametukana pampu ya watu, ili aje kugundua kwamba alipokuwa anatafuta hapakuwa na kitu. Mafuta yalikuwa sawa siku zote. Adapta aliyoitafuta wiki nzima ilikuwa na neno moja tu la kumwambia, nalo lilikuwa: siyo hapa, ondoka.

"Basi ondoka," akajiambia kwa sauti.

"Niondoke?" mkewe akauliza kwenye usukani.

"Hapana, wewe kanyaga."

Mkewe akakanyaga kwa nguvu, na injini, kama zifanyavyo injini za zamani, ikaegemea upande mmoja. Hapo Kipimo akasikia mluzi. Alipeleka sikio, akapeleka mkono, chini ya ule mpira mnene unaopitisha hewa kwenda kwenye injini. Juu ulikuwa mzima. Chini, mahali ambapo jicho halifiki, ulikuwa umepasuka. Gari likitulia, ufa unafumba. Gari likijikaza, injini ikiegemea, ufa unafunguka kama kinywa cha mtu anayesinzia ibadani, unavuta hewa ya wizi, na gari linapoteza pumzi. Ndiyo maana kilima kilikuwa kinalishinda.

"Jirani," akasema polepole, "una mpira kama huu?"

Badilisha alikuwa nao. Mtu kama yule huwa navyo vyote, kwa kuwa hajui kesho atabahatisha nini. Aliushika nyuma ya mgongo.

"Sema."

"Jirani, mtu wa chakavu yuko njiani."

"Sema, jirani."

Kipimo alitazama ukuta wake mwekundu, akaupa mgongo.

"Badilisha," akasema.

"Sijasikia."

"Nimesema badilisha, we mzee, badilisha, leta huo mpira!"

Waliufunga pamoja, kwa vile vibano viwili vilivyoshindwa kuzuia petroli; hewa viliiweza. Walikuwa wanakaza cha mwisho gari la kuvuta lilipokata kona, kamba zinaning'inia nyuma. Mnunuzi wa chakavu akashuka, mtu mnene mwenye adabu, akalizunguka gari la marehemu akilipigapiga ubavuni kama ng'ombe wa mnada.

Mama mkwe alitoka amevaa tayari kwa safari, mkoba kwapani. Alimtazama mkwewe, mweusi kwa mafuta hadi kwenye nyusi.

"Mgonjwa vipi?"

"Mama, sitasema kitu," Kipimo akajibu. "Nimesema vya kutosha jana. Kilima kile pale."

Mama akamtupia binti yake funguo. "Panda. Likizimika njiani, liache hukohuko, huyu bwana atalifuata."

Kilima kilianzia mwisho wa mtaa na kilikuwa na sifa mbaya. Hata wenye baiskeli walikipanda kwa kushuka. Gari la rangi ya chai likaondoka, likafika chini yake, na wote wanne wakatega masikio. Sauti ilianza kupanda. Kipimo alisubiri chafya. Alisubiri kwa mwili mzima, vidole vya miguu vimejikunja ndani ya viatu. Sauti ikaendelea kupanda, ikapanda, ikapungua kwa umbali tu, ikavuka kilele. Kisha honi ikasikika kutoka upande wa pili, ndefu, ya mtu aliyesahau kuna majirani.

Mnunuzi wa chakavu akavua kofia. "Basi mama, mimi nimekuja na kamba zangu zote hizi. Nichukue nini?"

"Chukua ukuta," Badilisha akasema.

Mke aliporudi hakuzima gari. Alibaki ndani, mikono miwili kwenye usukani, na alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, kama mtu anayehitaji mto. Mama alikwenda dirishani.

"Ulikuwa unaendesha hivihivi," akasema. "Pua kwenye kioo. Nipeleke nyumbani, mwanangu, halafu urudi nalo. Mimi nimezeeka, sihitaji vilima."

Alipopita karibu na Kipimo akasimama. "Mkwe, yule nesi mgeni niliyekusimulia."

"Ndiyo mama."

"Alikuja kuwa nesi mzuri sana. Lakini hatukumwacha asahau."

Na huyu naye hawakumwacha asahau. Hadi leo mtaani mtu akichelewa kazini lakini yupo, husemwa yupo kwa mazoea. Mwanamume asiyeongea na mkewe ananguruma kwa mazoea. Wateja wakija gereji huanza hivi: "Fundi, langu linawaka, lakini sijui kama ni kweli au ni mazoea." Kipimo aligundua mapema kuwa njia pekee ya kuokoka ni kuisimulia mwenyewe, kwa sauti kubwa, kabla Badilisha hajaanza. Akiisimulia yeye, huongeza vitu. Kwa sasa anasema petroli ilimfika mpaka kwenye soksi.

Ukuta hakuufuta. Rangi nyekundu imebaki bado, na ile saa iliyolewa.

Juzi Badilisha alikuja akiwa na uso wa mtu aliyekuja kwa bahati mbaya. Alikuwa amepokea gari la zamani, linapiga chafya kilimani.

"Jirani, ile adapta yako iko?"

"Ya nini? Si ubadilishe tu pampu?"

"Niazime, bwana, acha maneno."

Kipimo alifungua sanduku, kwa mkono mzima siku hizi. Akaitoa adapta kwenye sponji. Kabla ya kumpa, aliitia mdomoni mbele yake akapuliza kwa nguvu, pumzi ikatokea upande wa pili na ladha ya petroli ikamjaa kinywani.

"Inapita," akasema, akatema mate, akampa.

Badilisha aliipokea, akaitazama, kisha naye akapuliza.